Fidia Ikishapokelewa: Nafasi ya Kudai Zaidi kwa Majeruhi wa Ifo

Sheria ya Kenya humlipa majeruhi mara moja tu kwa tukio moja, na malipo hayo huhesabiwa kuwa yamebeba maumivu aliyokwisha kuyapata, gharama alizokwisha kuzitoa na yote yatakayomfika baadaye kwa sababu ya jeraha hilo, yakiwemo yale ambayo siku ya kulipwa hapakuwa na daktari aliyeyaona. Kanuni hii ni kali popote inapotumika, lakini huko Ifo, katika Kaunti ya Garissa, ukali wake huzidi, kwa sababu madai mengi ya ajali humalizwa mapema na nje ya mahakama, ama kwa kikao cha wazee ama kwa karatasi ya kampuni ya bima, wakati mfupa haujaunga na mwenye mfupa anadaiwa hospitalini, dukani na kwa jirani. Miezi au miaka baadaye huzuka swali lilelile: je, aliyepokea laki mbili kwa mguu ambao sasa haukunjiki anaweza kurudi kudai zaidi? Kwa kawaida hawezi. Lakini zipo hali chache ambamo anaweza, na hizo ndizo zinazostahili kuelezwa kwa makini.

Ifo ndiyo kambi ya kwanza ya Dadaab, iliyofunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Somalia, kabla ya Dagahaley na Hagadera kufuata mwaka 1992. Njia zake ni za mchanga, na juu yake hupita kwa pamoja bodaboda, mikokoteni ya punda, malori ya mizigo, mabasi ya Garissa na magari ya mashirika, huku watoto wakienda shule pembezoni. Anayegongwa hapo huwa na njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni maslaha, yaani suluhu ya wazee wa pande mbili, ambao hukadiria diya, fidia ya uhai au ya jeraha inayochangwa na ukoo wa aliyeumiza. Ya pili ni bima: Sura ya 405 ya sheria za Kenya humlazimu mwenye gari kukata bima ya kuwalinda watu wengine, maarufu kama thadi pati, ambayo ukomo wake kwa dai la mtu mmoja ni shilingi milioni 3, na kinachozidi hapo humwangukia mwenye gari mwenyewe. Ya tatu ni kesi ya madai mbele ya hakimu. Mara nyingi njia hizi huingiliana, kwa kuwa kesi huanza mahakamani ikaishia kwa bima, au dai la bima likaanza baada ya diya kulipwa, na kila makutano huacha karatasi ambayo siku moja itasomwa na mtu mwingine kwa jicho jingine.

Mzizi wa kanuni ya malipo ya mara moja uko Uingereza, katika kesi ya Fetter na Beale ya mwaka 1701. Mdai alikuwa amepigwa kichwani, akashtaki, akapewa pauni 11. Baadaye kipande cha fuvu lake kikatoka, akarudi mahakamani akisema kwamba madhara hayo mapya hayakuwemo katika hesabu ya kwanza. Jaji Mkuu Holt na wenzake walimkatalia: kipigo kilikuwa kimoja, na waliokadiria pauni 11 walichukuliwa kuwa wamekadiria kila litakalozaliwa na kipigo hicho. Kenya ilirithi mtazamo huo, na kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai huutia nguvu kwa kumzuia hakimu kusikiliza upya jambo lililokwisha kuamuliwa baina ya watu walewale. Sababu zake zinaeleweka, maana mwenye gari naye hana budi kujua siku moja kwamba deni lake limekwisha, wala bima haiwezi kufunga hesabu zake ikiwa kila goti linalouma litafufua faili.

Kwa wasomaji wa Garissa fikra hii ina chimbuko la karibu zaidi kuliko Uingereza. Katika Bulugh al-Maram, mkusanyo wa hadithi unaojulikana sana na wanafunzi wa fikihi, imo riwaya ya Amr bin Shuaib kuhusu mtu aliyechomwa kwa pembe gotini, akamwendea Mtume Muhammad (S.A.W.) kutaka kisasi, akaambiwa angoje mpaka apone. Hakungoja; alirudi akashikilia haki yake, akapewa. Kisha akaja kulalamika kwamba amekuwa kiwete, akajibiwa kwamba alikatazwa akaasi, na kwamba kilema hicho hakimpi dai jingine. Tangu hapo ikakatazwa kulipiza jeraha kabla mwenye jeraha hajapona. Wanazuoni wamejadili nguvu ya isnadi ya riwaya hii, na madhehebu hutofautiana iwapo kungoja ni wajibu au ni jambo bora tu, lakini ulinganisho wake na kesi ya Fetter una mafunzo. Waamuzi wote wawili walifunga mlango wa pili. Hata hivyo yule wa riwaya alikuwa amemwonya mdai kabla ya mlango wa kwanza kufunguliwa, jambo ambalo majaji wa 1701 hawakulifanya na ambalo watumishi wa bima wa leo hawalifanyi.

Mila ya Kisomali nayo huelekea upande huohuo, kwa kuwa waliomuumiza mtu hutarajiwa kubeba matunzo yake kwanza, na kiwango cha fidia hukadiriwa jeraha likishatulia. Kwa viwango vya fikihi, ambavyo wazee huvitumia kama msingi kabla ya kuvigeuza kuwa fedha, uhai wa mwanamume ni ngamia 100, mkono mmoja ni nusu ya hao, kidole ni ngamia 10 na jeraha lililofika hadi mfupa ni ngamia 5. Mpango huu hufanya kazi vizuri kwa kiungo kilichokatika, kwa sababu kidole kilichokatika hakibadiliki. Taabu ni kwa viungo vinavyobadilika. Kichwa kilichogongwa kinaweza kuanza kuleta kifafa miaka kadhaa baada ya ajali. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu na kuanza kuoza ndani ya nyonga baada ya mfupa kuonekana umeunga. Goti lililovunjika huingia ugonjwa wa viungo polepole. Na vyuma vilivyowekwa na daktari wa mifupa huenda vikahitaji kutolewa kwa upasuaji mwingine, ambao haumo katika bili ya kwanza.

Karatasi inayofunga dai la bima ni vocha ya kufunga madai, ambayo watu wa bima huiita disichaji. Kwa kawaida ni ukurasa mmoja wa Kiingereza. Juu huandikwa namba ya dai, namba ya gari na tarehe ya ajali; katikati hutajwa kiasi kwa tarakimu na kwa maneno; kisha hufuata sentensi moja ndefu, ambayo ndiyo karatasi yenyewe, isemayo kwamba mpokeaji amezikubali fedha hizo kuwa malipo kamili na ya mwisho ya madai yote yatokanayo na ajali hiyo, yanayojulikana na yasiyojulikana, ya sasa na ya baadaye, na kwamba waliolipa hawakukiri kosa. Chini huachwa nafasi ya sahihi au alama ya kidole gumba, namba ya kitambulisho na jina la shahidi. Ni sentensi hiyo inayouza goti ambalo bado halijaanza kuuma, na bei yake huwa imeandikwa mistari miwili juu yake.

Nguvu ya karatasi hiyo ilithibitishwa na Mahakama ya Rufaa ya Kenya mwaka 2015, katika kesi ya Trinity Prime Investment na Lion of Kenya Insurance. Dai lilihusu hasara ya mali na si mwili wa mtu, lakini hoja ilikuwa ileile: aliyelipwa alisema kwamba alipokea pungufu ya hasara yake. Majaji waliona kwamba kutia sahihi vocha kulikamilisha mkataba, na kwamba hata kama kiasi kilikuwa pungufu, mpokeaji alikikubali kwa sababu alitaka fedha upesi, wala hapakuwa na ulaghai wala maelezo ya uongo yaliyomsukuma. Miaka miwili kabla, katika kesi ya kazi ya Thomas De La Rue, mahakama hiyohiyo ilikuwa imelegeza kidogo, ikisema kwamba hati ya namna hiyo haimfungi mtu kwa kuwepo kwake tu, bali ni lazima itazamwe iwapo ilitiwa sahihi kwa hiari na kwa kujua mambo yote yahusikayo. Kati ya maamuzi haya mawili ndipo anaposimama mtu wa Ifo, na anayesoma vizuri ataona kwamba uharaka wa shida pekee haukubaliki kuwa kisingizio. Hukumu hiyo ni ngumu kwa watu ambao shida kwao ni hali ya kila siku, lakini ndiyo sheria ilivyo.

Mapatano yakifikiwa wakati kesi iko mahakamani, hakimu huyaandika kuwa hukumu ya makubaliano, na hapo kamba hukazwa zaidi. Kifungu cha 67 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai hakiruhusu rufaa dhidi ya hukumu ambayo pande zote ziliikubali. Kinachobaki ni kuomba ifutwe, na sababu zinazokubalika zimewekwa na mlolongo wa maamuzi unaoanzia Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika kesi ya Hirani na Kassam ya 1952, ukapitia kesi ya Brooke Bond Liebig na Mallya iliyotoka Tanzania mwaka 1975, ukathibitishwa nchini Kenya katika kesi ya Flora Wasike ya 1988. Makubaliano hufutwa kwa sababu zilezile zinazoweza kufuta mkataba: ulaghai, njama, maelezo ya uongo, kosa la msingi kuhusu ukweli, au makubaliano yanayopingana na sera ya mahakama. Udogo wa fedha haumo katika orodha hiyo. Hali ni tofauti ikiwa hakimu alitoa hukumu baada ya kusikiliza mashahidi, kwani hapo mdai ana siku 30 za kukata rufaa kwenye Mahakama Kuu ya Garissa, ingawa, kama ilivyoelezwa katika kesi ya Butt na Khan, kiwango hakiguswi mpaka kiwe kidogo au kikubwa kupita kiasi hata kuonyesha kwamba hesabu nzima ilikosewa.

Neno kosa hapa lina mipaka inayowapotosha wengi. Majeruhi aliyetumaini kwamba mguu utapona, ukakataa kupona, hakufanya kosa linalofuta mkataba. Alibahatisha, na bahati haikuwa yake. Lakini ikiwa bima ilikuwa na ripoti ya daktari inayoonyesha ulemavu wa kudumu wa asilimia fulani, ikamwambia majeruhi kwamba daktari hakuona tatizo, hilo ni elezo la uongo, na mkataba uliojengwa juu yake unaweza kubomolewa. Vivyo hivyo mtu asiyejua Kiingereza, aliyewekewa karatasi na kuambiwa kwamba ni risiti ya nauli na dawa, ana hoja ya kisheria kwamba alichokitia alama ya kidole si kile alichodhani. Hoja hiyo haiji kwa urahisi, kwani mahakama hudai ithibitishwe kwamba tofauti kati ya alichoambiwa na kilichoandikwa ilikuwa kubwa na kwamba yeye mwenyewe hakuzembea. Ndiyo maana jina la aliyetafsiri, tarehe, mahali na waliokuwepo ni mambo yenye thamani kuliko machozi ya shahidi. Ukomo wa muda nao husaidia kidogo hapa, kwa sababu palipo na ulaghai saa ya sheria huanza kuhesabu siku ulaghai ulipogunduliwa au ulipopaswa kugunduliwa.

Upanga wa ulaghai hukata pande zote mbili. Nchini Uingereza mfanyakazi mmoja alilipwa pauni zaidi ya 134,000 mwaka 2003 kwa maumivu ya mgongo. Majirani wakatoa habari kwamba mtu huyo alikuwa amekwisha kupona, na mwaka 2016 Mahakama ya Upeo ya nchi hiyo, katika kesi ya Zurich na Hayward, ikaruhusu mapatano yafutwe, akabaki na haki ya pauni 14,720 tu. Anayefikiria kulifungua upya dai lake kwa ripoti ya daktari wa kununua afadhali aifahamu kesi hiyo.

Mlango ulio wazi kuliko yote ni wa mtoto. Agizo la 32 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010 humkataza mwakilishi wa mtoto kuingia mapatano kwa niaba yake bila ruhusa ya mahakama, na mapatano yaliyofanywa bila ruhusa hiyo yanaweza kukataliwa na mtoto ilhali waliolipa hawawezi kuyakataa. Hata kabla ya kesi kufunguliwa, kanuni ya jumla iliyorithiwa kutoka Uingereza ni kwamba sahihi ya mzazi haimalizi haki ya mtoto mpaka hakimu aione bei. Kwa Ifo jambo hili lina uzito wa pekee. Mtoto wa miaka saba aliyevunjika karibu na goti anaweza kuwa ameumia sahani ya ukuaji, sehemu laini ya mwisho wa mfupa ambayo kwayo mfupa hurefuka, na mguu mmoja ukawa mfupi kuliko mwenzake miaka mitano baadaye, wakati fedha za mapatano zimekwisha kuliwa na nyumba nzima. Wazazi waliosaini kwa nia njema hawajamfungia mtoto wao mlango, na ni ajabu jinsi habari hii isivyosikika katika vikao ambamo watoto huzungumziwa kila mara. Kiasi kilichokwisha kupokelewa kwa ajili yake kitahesabiwa, lakini dai lenyewe li hai.

Je, maslaha nayo hufunga mlango wa mahakama? Ibara ya 159 ya Katiba ya 2010 huzitaka mahakama zikuze njia mbadala za kutatua migogoro, zikiwemo za jadi, mradi zisivunje haki za msingi, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliruhusu hata shtaka la mauaji dhidi ya Mohamed Abdow Mohamed liondolewe baada ya familia kupatana, uamuzi ambao majaji wengine hawakuufuata. Kadhi hana nafasi hapa, maana Ibara ya 170 humwachia ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu tu. Basi mapatano ya wazee yaliyoandikwa mbele ya chifu husomwa na hakimu kama mkataba mwingine wowote: nani aliahidi nini, na nani aliachilia dai lipi. Hati isemayo kwamba ukoo umepokea mchango wa matibabu na uhasama umekwisha ni tofauti na hati isemayo kwamba majeruhi hatamdai mwenye gari wala bima yake kamwe. Wazee hodari wa maneno kikaoni mara nyingi huwa wavivu wa maneno kwenye karatasi, na uvivu huo hulipiwa na mgonjwa.

Vivyo hivyo kwa wakosaji wawili. Abiria wa bodaboda aliyegongwa na lori anaweza kuwadai mwenye pikipiki na mwenye lori, na kama alisaini na mmoja, haki yake kwa mwingine hutegemea iwapo fedha zilitajwa kuwa za hasara yote ya ajali au za sehemu ya mtu mmoja. Magari ya Umoja wa Mataifa yana hali yake, kwa kuwa Mkataba wa 1946 huupa umoja huo kinga dhidi ya mahakama, ingawa kifungu cha 29 cha mkataba huohuo huulazimu uweke njia nyingine ya kutatua madai ya watu binafsi. Aliyeumizwa na gari la serikali ana miezi 12 tu ya kushtaki. Aliyeumia kazini hufuata Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo Mahakama ya Upeo iliithibitisha tarehe 3 Desemba 2019: hamshtaki mwajiri, bali hupeleka dai kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na asiporidhika na uamuzi ana siku 60 za kupinga.

Kwa madai mengine ya uzembe muda ni miaka 3 tangu ajali. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ukomo wa Muda huruhusu nyongeza kwa asiyejua mambo ya msingi kuhusu jeraha lake, lakini nyongeza hiyo ni ya muda pekee, haifungui mapatano. Iwapo mapatano yalifanyika na fedha hazikulipwa, mambo hubadilika kwa faida ya majeruhi, kwani sasa anadai deni la mkataba, na muda wake ni miaka 6. Hili si jambo la nadharia, kwa sababu kampuni za bima za magari nchini Kenya zimewahi kuanguka zikiwa na madai mengi, kama United mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, na mfuko uliowekwa kuwafidia wenye madai una ukomo mdogo sana ukilinganisha na hukumu za majeraha makubwa.

Wakili aliyepatana kwa bei ya chini humfunga mteja wake, mradi alitenda kwa nia njema na hakukiuka maagizo ya wazi. Mteja anayedhani ameuzwa humdai wakili mwenyewe kwa uzembe, au hupeleka lalamiko kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Wakili anayetaka theluthi ya fidia akishinda, bila malipo akishindwa, huwa anavunja kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili, jambo ambalo wateja wengi hawajaambiwa. Mkimbizi asiye na fedha anatajwa waziwazi katika Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 kuwa miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa, na shirika la Refugee Consortium of Kenya limekuwa likitoa ushauri wa kisheria Dadaab na Garissa.

Uingereza yenyewe, iliyomnyima Fetter, ililegeza kamba mwaka 1982 kwa kuziruhusu mahakama zitoe fidia ya muda, ambayo humwacha majeruhi arudi ikiwa ugonjwa uliotajwa katika hukumu, kama kifafa, utatokea kweli; na tangu 2005 majaji wake wanaweza kuamuru fidia ya siku zijazo ilipwe kwa awamu. Wazee na mawakili wa Garissa wanaweza kupata kitu cha karibu na hicho kwa kalamu yao wenyewe, kwa kuwa mapatano ni mkataba na mkataba hubeba kile kilichoandikwa ndani yake. Kifungu kimoja kinatosha, kikitaja kwamba kiasi kilicholipwa ni cha maumivu na gharama hadi tarehe fulani, kwamba upasuaji wa kutoa vyuma na matibabu ya jeraha lililotajwa kwa jina yatagharamiwa na upande uleule kwa ripoti ya daktari wa mifupa, kwamba wajibu huo una ukomo wa miaka iliyokubaliwa, na kwamba nakala ya karatasi hiyo, ikiwa na tafsiri ya Kisomali iliyotiwa sahihi na mtafsiri, imebaki mikononi mwa majeruhi.